Ukurasa Mtupu wa Nyoka wa Bondeni

Inasimuliwa, na ajuaye kwa yakini ni Mwenyezi Mungu, kwamba katika mji uitwao Kufa aliishi mwandishi mchamungu, Thabit bin Nuaim. Mkuu wa msafara wa mahujaji alimtaka aandike kitabu cha tiba ya sumu, maana kila mwaka watu waliumwa na nyoka njiani wakafa. Thabit alikuwa na hati nzuri; ama kuhusu nyoka, alijua kukimbia tu. Basi akamwendea Bi Umaima, tabibu aliyezeekea kazi hiyo mpaka macho yakamzimika. Bibi anasema, yeye anaandika. Na ilikuwa desturi ya waandishi wa zama zile: mlango mmoja wa kitabu ukiisha, humsomea mwenye elimu, naye akiridhia ndipo jina lake hutiwa chini.

Katika kuandika wakamfikia nyoka wa bonde la Samra, lililo njiani mwa mahujaji. Bi Umaima akasema huyo hamjui, ukurasa wake uachwe mtupu.

Thabit akarudi kwake na dhiki. Mkuu wa msafara alikwisha kumwahidi kazi ya uandishi wa kudumu, kwa sharti kitabu kisiwe na pengo. Na sokoni watu walisema dawa ya nyoka yule ni kuchanja jeraha kwa kisu. Shetani naye hana kazi nyingine. Thabit akayaandika yale, tena kwa maneno matamu, akatia na jina la bibi.

Asubuhi akaenda kumsomea. Angaliweza kuuruka ukurasa ule, nani angemwona? Lakini alimcha Mola wake, akausoma, sauti ikimfifia.

Bi Umaima akauliza, "Haya umeyatoa wapi, mwanangu?"

"Watu wanasema, mama."

"Basi tia jina la watu. Langu litoe."

"Watakicheka kitabu chenye shimo."

"Shimo linaloonekana halimuui mtu. Linaloua ni lile ulilolifunika kwa majani."

Thabit akaomba maji, akauosha wino palepale. Mahali pake akaandika: "Nyoka huyu hatumjui. Amjuaye na aandike hapa." Mkuu wa msafara akakichukua kitabu kwa kununa, na ile kazi akampa mwingine.

Huko bondeni hujaji mmoja akaumwa. Wakafungua kitabu, kikawaambia hakijui. Basi wakamkimbiza kwa tabibu wa watu wa pale, akapona. Tabibu yule akaomba kalamu. Kitabu kiliporudi Kufa, ukurasa ulikuwa na hati ngeni: mgonjwa alazwe, asitembezwe, wala asichanjwe, kwani wanaochanjwa ndio wanaokufa.

Thabit akamsomea Bi Umaima. Bibi akamwambia arudie tena, polepole.

"Sasa nimejua," akasema. "Tia jina la tabibu yule."

Kalamu haina haya. Haya ni ya aliyeishika. Ukimwuliza mjuzi akakwambia hajui, amekwisha kukufundisha. Usimsaidie kujua.