Nyamizi Aliyedai Kuambiwa Sababu

Paukwa! Mbona mnaitikia kama mmelala? Paukwa tena! Pakawa! Haya, sasa nawasikia.

Hapo kale, watu na wanyama waliposikilizana, palikuwa na mjane aitwaye Nyamizi. Aliishi mlimani na wanawe. Mwaka mmoja mvua zilipokaribia, alifungua kihenge akakuta mbegu zote za mtama zimebunguliwa. Akachukua kikapu, akaenda kwenye ghala la nchi, lililosimamiwa na Nyati, akope mbegu, alipe akivuna.

Mlangoni alikuwapo Korongo. Akamsikiliza, akaingia ndani, akatoka.

"Umekataliwa."

"Kwa nini, bwana?"

"Umekataliwa!" Akafunga mlango.

Habari ilimtangulia nyumbani. Kanga alipomwona anapita, akakusanya vifaranga vyake. Alipokwenda kuomba moto kwa Sungura, Sungura akasimama mlangoni.

"Kwani nimefanya nini, Sungura?"

"Sijui, dada. Ila ghala halimnyimi mtu hivi hivi. Lazima una lako."

Nyamizi akaanza kujichunguza. Nimemdhulumu nani? Nimeiba wapi? Hakuona.

Kesho yake akarudi ghalani. "Umekataliwa." Akarudi mara ya tatu, Korongo hakumwacha hata amalize salamu. Nyamizi akatua kikapu, akaketi kizingitini.

"Mbegu tuziache kwanza. Nataka sababu!"

"Sababu ni mambo ya ndani."

"Ya ndani? Na jina linalochafuliwa huko nje ni la nani, lako? Hata mwizi huambiwa alichoiba! Siondoki!"

Nungunungu, aliyekuwa amekataliwa asubuhi ile ile, akaja akaketi kando yake. "Na mimi siondoki."

Kelele zikamtoa Nyati. "Mwanamke, unataka niseme mbele za watu? Haya! Mwaka juzi ulikopa, ukala, ukahama!"

"Mimi? Nimezaliwa mlimani, nimeolewa mlimani, nimezika mume mlimani! Nilihama lini?"

Nyati akamgeukia Korongo. "Yule aliyehama alikuwa wa wapi?"

"Wa bondeni," akajibu Korongo kwa sauti ndogo. "Lakini naye aliitwa Nyamizi."

"Mmesikia?" Nyamizi akasimama. "Siku tatu natazamwa kama mchawi, kumbe hakuna aliyejisumbua kuniuliza ninakotoka!"

Nyati akainamisha pembe. "Korongo, mpimie mbegu."

"Asipime bado! Kwanza tangaza. Waliosikia nimekataliwa, wasikie pia kwamba mlikosea."

Nyati akatangaza, watu wote wakisikia.

"Na mimi je?" akauliza Nungunungu.

"Wewe huna kosa. Hujawahi kukopa, hatukujui. Lete mtu wa kukudhamini."

"Ni hilo tu? Na mimi nilidhani nina laana! Mngeshindwa nini kuniambia?"

"Nitamdhamini mimi," akasema Nyamizi.

Wakapimiwa wote wawili. Lakini mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na kupita siku zile zile tatu. Nyamizi alivuna haba, akarudisha mbegu zote, na wanawe wakala mlo mmoja kwa siku mpaka msimu uliofuata. Korongo hakumwomba radhi hata mara moja. Ila tangu hapo, kila aliyekataliwa ghalani aliketi kizingitini, na mlango haukufungwa mpaka aambiwe kwa nini.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye hasira na Korongo kama mimi, na auchochee huu moto tunaoota.