Boga la Bwana Nungunungu

Paukwa?

Pakawa.

Mmeitikia vizuri kuliko nitakavyosimulia. Niwieni radhi mapema. Hadithi hii shangazi yangu alinipa ikiwa nzima, mimi nikaibeba vibaya njiani, sasa imebonyea hapa na pale. Mkiona imepinda, inyoosheni wenyewe.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa na majiko yao, paliishi Bwana Nungunungu na mkewe. Mwaka wa njaa, mkewe akajifungua mapacha. Maziwa hayakutoka. Mapacha wakalia.

Bi Kobe, mkunga wao, akamwambia Bwana Nungunungu, "Mzazi apikiwe boga la nazi, ale ashibe. Maziwa yatakuja."

Boga lilikuwapo, moja tu, darini. Mpishi ndiye hakuwapo. Maana kwa desturi ya nungunungu, mzazi hukaa chumbani siku saba na mume haingii. Kuzungumza kupitia ukutani ruhusa. Lakini Bwana Nungunungu alijiambia, "Mwanamume mzima na miiba yangu, nimuulize mke jinsi ya kupika boga? Haiwezekani."

Akalikata mafungu matatu. Akabandika fungu la kwanza.

Mara Nyani, jirani yake, huyo mlangoni. Mkononi ana kisahani.

"Bwana jirani, hongera. Lakini boga huogelea. Lijaze maji mpaka shingoni."

Bwana Nungunungu akalijaza maji. Likachemka, likachemka, likawa maji ya manjano yenye vipande vinavyoelea.

Nyani akachungulia, akasikitika. "Limeharibika. Mzazi hapewi kitu hiki. Lete nikakumwagie."

Akaenda akalimwaga, tumboni mwake. Chumbani mapacha wakalia.

Siku ya pili, fungu la pili. Nyani huyo. Mkononi ana sahani.

"Jana hukukoroga, jirani. Leo koroga, mkono usipumzike."

Bwana Nungunungu akakoroga mpaka bega likamuuma. Ganda huku, nyama kule, yote yakawa rojorojo.

"Hili sasa ni la kubandikia ukuta," Nyani akasema. "Lete nikakumwagie."

Mnajua alikomwaga. Chumbani mapacha wakalia, lakini sauti ilikuwa ndogo.

Siku ya tatu likabaki fungu moja. Bwana Nungunungu akaamka, akatega sikio. Kimya. Mapacha hawalii tena.

Akaegemeza paji la uso ukutani.

"Mama watoto."

"Naam."

"Wazima?"

"Wazima. Wamechoka kulia."

Miiba yote ya mume ikalala.

"Mama watoto, boga hupikwaje?"

Mkewe akacheka, kicheko cha mtu mwenye njaa, kifupi.

"Siku ya tatu nasikia harufu ya boga, sahani siioni. Nikasema, ngoja aulize mwenyewe. Sikiliza, baba watoto. Usilimenye. Vipande vipange ganda likae chini. Maji kikombe kimoja, boga lina maji yake. Tia tui jepesi na iliki. Funika. Usikoroge, tikisa chungu. Likilainika, tia tui zito, lichemke kidogo, ipua."

"Basi?"

"Basi. Ulidhani ni uganga?"

Akafanya vile vile. Harufu ikatoka ikapita kwa majirani ikibisha hodi. Nyani huyo. Leo ana sinia.

"Umetia maji mengi?"

"Kikombe."

"Umekoroga?"

"Sijakoroga."

"Basi limeharibika tayari, bwana. Lete nikakumwagie."

"Jirani, halijaiva."

"Utajuaje na hujafunua?"

Nyani akanyakua kifuniko. Mvuke ukampiga usoni. Akakitupa kifuniko nyuma yake, kikaangukia kwenye kigoda. Akarudi kinyumenyume akipangusa macho, akatafuta pa kukaa, akakaa. Juu ya kifuniko.

Mbio alizotoka nazo hazijapata kupimwa. Na kwa nini makalio yake ni mekundu mpaka leo, msiniulize tena.

Bwana Nungunungu akatia tui zito, akaipua, akapakua. Bi Kobe akaingiza sahani chumbani. Mzazi akala, akalamba na vidole. Jioni ile maziwa yakaja. Na siku ya saba mapacha wakatolewa nje, matumbo duara, vimiiba vinaanza kuchomoza, wakalia kwa sauti ya kuudhi mtaa mzima. Baba yao akasema hajapata kusikia wimbo mtamu kama ule.

Funzo ni hili: kuuliza hakumpunguzii mtu mwiba hata mmoja. Ila muulize anayekutakia shibe, na mshauri akija na sahani mkononi, tazama kwanza ukubwa wa sahani.

Hadithi yangu imeiva, nimeipakua. Palipo patamu ni penu nyote, palipoungua ni pangu mwenyewe. Na hiyo harufu ya kuungua mnayoisikia ni ya kweli. Mke wangu aliniachia chungu jikoni akaniambia, "Kiangalie." Nilikiangalia, nikaona kizuri, nikaja kuwafundisha nyinyi kupika.