Jiko la Chumba cha Mbawakawa

Hapo zamani, katika kijiji cha juu kabisa milimani Upare, ambako ukungu wa kipupwe huingia hadi uvunguni mwa kitanda, watu waliishi kwa maharage. Kisha wakaja vidukari, wadudu wadogo wanyonyao utomvu wa mimea. Msimu wa kwanza walinyonya nusu ya mashamba. Msimu wa pili wakanyonya yote. Watu walipulizia sumu hadi kuku wakafa, na vidukari wakabaki.

Bwana shamba, jina lake Mbonea, akapanda mlima na sanduku la mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi.

"Hawa chakula chao ni vidukari," alisema. "Tuwafuge wazaliane, maharage yakichanua tuwaachie. Lakini wametoka tambarare. Baridi ikizidi, hawatagi. Joto likizidi, mayai yanakauka."

Akachaguliwa Namkunda, mjane aliyeishi na mama mkwe wake. Akapewa chumba, jiko moja na kipimajoto chenye alama nyekundu. Kila nyumba ikachanga mkaa. Namkunda akawapenda wadudu wale. Huwachumia majani yenye vidukari, huyachungulia mayai yao ya manjano. Baridi ikiingia, huongeza mkaa. Joto likipanda, hufungua dirisha. Wakazaliana hadi masanduku yakajaa.

Ndipo ikaja mvua isiyokatika, kuni zikalowa mlima mzima. Asubuhi moja Namkunda alirudi na kapu lake la majani, akakuta jiko halipo na mkaa haupo. Alifuata majivu yaliyomwagika njiani hadi nyumbani kwa Kidundai, mdogo wake. Mke wa Kidundai alikuwa amejifungua mtoto njiti, kabla ya miezi kutimia. Mama alikuwa akivuja damu, hawezi kuinuliwa. Mtoto alilazwa kando ya jiko, mdogo kama panya, midomo ya bluu ikianza kurudiwa na rangi.

"Kidundai, wadudu watakufa."

"Dada, lichukue. Lakini ukilichukua, umzike wewe."

Namkunda akarudi mikono mitupu. Hakumwambia mtu, kwa kuwa alijua wangekwenda kulinyakua. Siku zikapita. Mbawakawa wakajikunyata pembeni, wakaacha kula, wakaacha kutaga, wakaanza kudondoka.

Mvua ilipokatika na mtoto alipopata nguvu ya kunyonya, Kidundai akarudisha jiko. Namkunda, kwa hofu, akalijaza mkaa pomoni na kuziba dirisha kwa magunia, apate kufidia siku zilizopotea. Mstari wa kipimajoto ukapita alama nyekundu. Aliuona. Akajiambia joto kidogo zaidi halitadhuru. Mayai mengi yakanywea. Yaliyosalimika yakaanguliwa kwa mkupuo, majani hayakutosha, mabuu wakatafunana wenyewe kwa wenyewe.

Akamwendea Mbonea akilia, akamweleza yote. Mbonea akafunua sanduku moja baada ya jingine.

"Nyamaza, mama," alisema mwishowe. "Watu wakisikia, watapulizia sumu, na hawa wachache tutawapoteza. Acha waamini."

Watu wakaamini. Hawakupulizia sumu, hawakupanda viazi vya akiba. Maharage yalipochanua, mbawakawa wachache wakaachiwa, na vidukari wakawazidi. Mashamba yakawa meusi. Njaa ikaingia. Wakazikwa wazee, wakazikwa watoto, akazikwa mama mkwe wa Namkunda, ambaye hadi siku ya mwisho alikuwa akimsukumia mkwewe nusu ya uji wake.

Siri ikavuja. Waliofiwa wakakusanyika uwanja wa shule, wakasema hawawezi kuzika hivyo na kuendelea kusalimiana na aliyesababisha. Mmoja lazima auhame mlima.

Kidundai akasimama, mwanawe mgongoni. "Mimi niliiba joto la kijiji. Lakini nililirudisha, na wadudu wengine walikuwa hai. Na nani hapa angemwacha wake agande?"

Mbonea akasimama. "Mimi niliwaficha ukweli. Ningesema, mngepanda viazi. Lakini pia mngepulizia sumu, na tumaini lote lingekufa siku ileile. Jiko sikuligusa mimi."

Namkunda akasimama wa mwisho. "Mimi nilinyamaza ili mtoto aishi. Kisha nikazidisha moto ili ninyi mpate kula. Mkono uliounguza mayai ni huu. Nami nimemzika mama yangu pamoja nanyi."

Mama mmoja aliyefiwa na watoto wawili akaja mbele. Akamtazama Namkunda, akamtazama Mbonea, akamtazama Kidundai. Mtoto mgongoni akapiga chafya, na uwanja wote ukamgeukia.

"Semeni," mama yule akawaambia watu. "Mimi nimeshindwa."

Basi nanyi mnaosikiliza, semeni: kati ya aliyechukua jiko, aliyezidisha moto na aliyeficha ukweli, nani alistahili kuuhama mlima?