Michi ya Bi Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Ah, hapana. Itikieni vizuri. Nimelima tangu alfajiri, mgongo unaniuma, msiniache niisukume hadithi hii peke yangu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Hapo kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia tu, palikuwa na kijiji ubavuni mwa mlima. Kijijini humo aliishi mama mmoja mtu mzima, mjane, jina lake Bi Mashavu. Magoti yake yalilia ka, ka, ka kila alipoinuka. Alikuwa amechoka. Sisemi uchovu wa siku moja, wa kulala ukaisha. Alikuwa amechoka kwa miaka mingi, na hakuna aliyemuuliza.

Watu walikunywa maji ya chemchemi moja, juu kidogo ya nyumba yake. Mwaka huo masika yalikuwa makali. Mlima ukalainika, jiwe likang'oka huko juu. Gudu! Gudu! Gudu! Puu! Likatumbukia kwenye kishimo cha chemchemi, likakaa. Jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala. Maji yakazibwa.

Basi wanawake wakawa wanateka mtoni, bondeni kabisa. Kushuka, kupanda. Kushuka, kupanda. Shingo zikauma, midomo ikanyamaza. Hata umbea ulikufa njiani, jamani, maana umbea nao unataka pumzi.

Na wanaume? Wanaume walisukuma, tusiwasingizie. Kila asubuhi waliegemeza mabega. "Haya, twende! Haya, twende!" Jiwe likatikisika, likainuka kidogo. Wakivuta pumzi tu, linarudi kulala. Tii!

"Kesho," anasema Jumbe Kivuma, mkuu wa kijiji, akijifuta jasho.

Kesho inakuja. Haya, twende! Tii! "Kesho," anasema Jumbe.

Sasa Bi Mashavu alikuwa na mkwe, Siwema, mke wa mwanawe Mbwana. Siwema alikuwa na mimba kubwa. Asubuhi moja walikuwa wanapanda kutoka mtoni, Siwema mbele, Bi Mashavu nyuma. Njia ina utelezi. Siwema akateleza, mtungi ukaanguka, kacha! Naye akakaa chini, ameshika tumbo.

"Mama," akasema, "mtoto hachezi."

Bi Mashavu akatua mtungi wake. Akaweka mkono juu ya tumbo la mkwewe. Wakangoja. Wanawake wengine wakasimama na mitungi yao kichwani, wakangoja nao. Wakangoja sana. Kisha mtoto akapiga teke, dogo tu, na Bi Mashavu akalia bila kujificha.

"Mtoni hurudi tena," akasema.

"Na maji, mama?"

"Nitaleta mimi."

Akaleta yeye. Ya kwake na ya Siwema. Kushuka, kupanda, ka, ka, ka. Hata ikafika siku moja, akirudi, miguu ikagoma. Akakaa karibu na chemchemi, akawatazama wanaume wakisukuma. Haya, twende! Tii! Akatazama vizuri, kwa jinsi mtu aliyechoka anavyotazama, bila haraka. Akaona kitu. Jiwe lilikuwa linainuka. Kila siku lilikuwa linainuka. Ila hakuna aliyeweka kitu chini yake kulizuia lisirudi. Na wote walilisukuma kwa mabega, mwili mzima, wakati nyumbani kila mwanamke ana mchi.

Hapo nieleweni. Katika kijiji kile mchi ulikuwa kitu cha mwanamke. Mwanamume akishika mchi, anachekwa mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo miti migumu kuliko yote, iliyonyooka kuliko yote, ilikuwa imesimama uani kando ya vinu, na hakuna mwanamume aliyeiona.

Bi Mashavu akaita wanawake. "Leteni michi yenu."

"Tukatwange jiwe?" akauliza jirani yake, Bi Kidawa, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi watu wakatabasamu.

Wakaingiza ncha za michi chini ya jiwe. Chini ya kila mchi wakaweka kijiwe cha kuegemea, karibu na mikono yao. Wakabonyeza. Jiwe kimya.

"Vijiwe visogezeni kule, vikaribie jiwe kubwa," akasema Bi Mashavu. "Nyinyi kaeni mbali, mwisho kabisa wa mchi. Haya, pamoja. Twanga!"

Wakabonyeza. Jiwe likainuka.

"Jumbe, weka kokoto chini!"

Jumbe akashangaa kuamrishwa. Lakini kokoto si mchi, kokoto hazina aibu. Akainama, akaweka. Wanawake wakaachia. Jiwe halikurudi.

"Twanga!" Kokoto. "Twanga!" Kokoto.

Bi Kidawa akasimama, jasho linamtoka. "Dada, mbona sisi tunabonyeza mpaka magotini, na jiwe linapanda unene wa kidole tu?"

"Ndivyo kulivyo, mdogo wangu. Ukitumia nguvu kidogo, utakwenda safari ndefu. Kazi ni ile ile. Hakuna aliyetupunguzia. Tumeikata vipande tu, kama muhogo, ipate kumezeka."

Wakaendelea. Twanga! Kokoto. Twanga! Kokoto. Jua likapanda. Jiwe likafika ukingoni mwa kishimo, likabaki kidogo tu livuke. Hapo Jumbe Kivuma akanyoosha mgongo, akatazama chini mlimani. Mkondo wa maji ya mvua ulishuka umenyooka, na mwisho wake palisimama nyumba ya Bi Mashavu.

"Mama," akasema polepole, "likivuka hapa, litakwenda wapi?"

"Si unaona mwenyewe."

"Tutalizuia."

"Kwa kitu gani, Jumbe? Limelala limewashinda. Likikimbia ndipo mtaliweza?"

Nyumba ile aliijenga marehemu mume wa Bi Mashavu. Kuta alizikandika Bi Mashavu mwenyewe, kwa viganja vyake. Bi Mashavu akashuka, ka, ka, ka. Akawafukuza kuku. Akatoa mkeka na chungu. Akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kitambo. Iliuma, msidhani haikumuuma. Kisha akapanda tena.

"Haya. Twanga!"

Lakini mikono ilikuwa imekwisha nguvu. Michi ikatetemeka. Siwema, aliyekuwa amekaa kando akitazama, akajikokota mbele, akanyoosha mkono ashike mchi.

"Wewe, kaa!" akafoka Bi Mashavu.

Mbwana akamtazama mkewe. Akamtazama mama yake. Akashika mchi.

Hakuna aliyecheka. Nani alikuwa na nguvu za kucheka? Jumbe naye akashika. Wanaume wote wakashika. "Twanga!"

Jiwe likavuka. Gudu. Gudu, gudu. Gudugudugudu! Lililowagharimu asubuhi nzima kulisogeza, sasa lilikimbia bila kusukumwa na mtu. Puu! Nyumba ikawa vumbi.

Nyuma yao maji yakatoka. Yalitoka matope, kisha meupe kama maziwa, kisha maji safi. Siwema akanywa wa kwanza. Bi Mashavu akakaa, akatumbukiza miguu.

"Mama, tutakujengea," akasema Mbwana, machozi yanamtoka.

"Mtajenga. Leo niacheni nikae."

Wakamwacha. Wakamjengea nyumba mpya mbali na mkondo, na nguzo nzito zote ziliinuliwa kwa michi, wanaume na wanawake pamoja. Siwema akajifungua salama, mtoto wa kike. Na katika kijiji kile, mpaka leo, mchi mmoja umeegemezwa chemchemini, hautwangiwi wala hauna mwenyewe. Kila mtu anaushika.

Basi, nyie mnaosikiliza, mkimwona mtu amechoka msimpite. Muulizeni anajua nini kuhusu mzigo. Kazi hatutaimaliza, lakini tunaweza kuikata vipande na kushika ncha moja wote.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayeitaka na aibebe. Mimi naitua.