Taa za Darini kwa Nyevu

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitika kama watu wasiokula. Haya, sogeeni. Hadithi hii ninayo mimi peke yangu. Ukiisikia kwingine, ujue msimulizi wake aliniibia, tena aliiba vibaya.

Hapo kale, kale kabisa, wanyama walipokuwa bado hawajachoka kuzungumza na watu, palikuwa na mjane akiitwa Nyevu. Mumewe alikuwa mgema wa tembo la mnazi, na katika ugema hakuna aliyempita isipokuwa babu yangu. Alipokufa alimwachia Nyevu nyumba ya udongo na makuti. Kuta zake Nyevu alizikandika kwa mikono yake mwenyewe, hata alama za vidole vyake zilikuwa bado zinaonekana pale karibu na mlango.

Arobaini ya marehemu haijatimia, usiku mmoja Nyevu akainua uso, akaona taa mbili darini. Ndogo, nyekundu, hazina utambi wala hazina moshi. Zikawaka, zikahama, zikazimika.

Asubuhi akamweleza shemeji yake Mwagambo, ndugu wa marehemu. Hapo ndipo alipoteleza, maana Mwagambo alikuwa ameitamani ile nyumba tangu inakandikwa.

"Shemeji, huyo ni ndugu yangu," Mwagambo akasema. "Ana kiu. Tumwekee tembo lake."

Ndiyo ilikuwa desturi yao: wafu wakisumbua, huwekewa tembo na kusemezwa kwa adabu. Basi jioni Mwagambo akaweka kifuu cha tembo juu ya boriti, akachuchumaa chini yake, akasema, "Baba zetu, kunyweni. Sisi wana wenu tumewakosea. Kunyweni mtulie."

Kulipokucha kifuu kikakutwa kikavu. Lakini usiku ule taa zilikuwa nne.

Mwagambo akaongeza, akaweka kibuyu. "Baba zetu, kunyweni. Sisi wana wenu tumewakosea. Kunyweni mtulie." Kibuyu kikakauka, na usiku huo taa zikawa nane.

Kijiji kizima kikaja kuchungulia. Mzee Ngowa, mkubwa wao, akasugua kidevu akakata shauri. "Wafu wanaitaka nyumba yao. Siku ya saba tangu tembo la kwanza, jua likizama, Nyevu atatoka arudi kwa kaka zake."

"Na nyumba?" akauliza Nyevu.

"Nitakaa mimi," Mwagambo akasema, kwa sauti ya mtu anayetwishwa gunia. "Mimi ni damu yao. Hawatanidhuru."

Nyevu hakulia. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini ukimsukuma ungedhani umesukuma kisiki. "Mume wangu nilimjua," akasema. "Alikuwa na macho mawili, na moja lilikuwa halioni vizuri. Haya manane ni ya nani?"

Usiku wa nne akanyunyiza jivu juu ya boriti, kukizunguka kibuyu. Asubuhi jivu lilikuwa limejaa viganja, vidogo kama vya mtoto mchanga. Akamwita Mzee Ngowa aone.

"Wafu hupungua," akasema Mzee Ngowa, akaenda zake.

Usiku wa tano Nyevu akafukia makaa ya jikoni kwa jivu mpaka nyumba ikawa giza tupu. Taa za darini zikazimika zote. Akafukua makaa, akapuliza, taa zikawaka. Akafukia, zikazimika. Akafukua, zikawaka. Asubuhi akaeleza.

"Wafu wanaogopa giza," Mwagambo akasema.

"Hawa wanaolala kaburini?" Nyevu akauliza.

Siku ya sita akaenda kwa wenye macho. Akamuuliza jogoo, "Jogoo, usiku unaona nini darini?"

"Mama, mimi jua likizama nimelala. Mambo ya usiku usiniingize."

Akamuuliza mbuzi, "Mbuzi, usiku unaona nini darini?"

"Huko juu kuna majani?"

"Hakuna."

"Basi sijapaangalia."

Akamuuliza mjusi wa ukutani, "Mjusi, usiku unaona nini darini?"

Mjusi akamtazama kichwa chini. "Miaka yote tunaishi nyumba moja, Nyevu. Hata siku moja hujanisalimu."

"Hujambo, jirani."

"Sijambo. Siri za dari sitoi. Lakini nikuulize: ukialikwa kila jioni, ukaitwa baba, ukaombwa radhi, ukawekewa tembo, wewe ungebaki kwako?"

Nyevu akasimama pale pale. Halafu akacheka mpaka mbuzi akaacha kula.

Siku ya saba wazee wakaja jua likizama. Mwagambo alikuja na mkeka wake umeviringishwa kwapani, na mto.

"Shemeji," Nyevu akamwambia kwa upole, "leo ni siku ya kuagana na wazee. Kibuyu kimoja ni aibu. Waweke vitatu, lile kali lililolala siku mbili."

"Sasa umepata akili," Mwagambo akasema. Akaweka vibuyu vitatu, akachuchumaa, akasema yale yale, baba zetu kunyweni, safari hii kwa sauti kubwa ili wazee wamsikie.

Wakangoja. Taa zikatokea mbili. Zikatokea sita. Zikatokea nyingi, Mzee Ngowa akaacha kuhesabu akashika fimbo. Huko juu pakasikika kunywa, kisha kucheua, kisha mtu akakoroma.

Nyevu akafukia makaa. Taa zote zikazimika. Akafukua, akatia kuni kavu, moto ukaruka mpaka darini. Wote wakaona. Boriti nzima ilikuwa imejaa komba, wale walevi wa minazini, na macho yao makubwa yaliwaka kwa moto wa Nyevu mwenyewe.

Komba mkubwa akajaribu kusimama. Miguu ikamkataa, akaporomoka, pu, juu ya mkeka wa Mwagambo. Akajiweka sawa, akamtazama usoni kwa mapenzi.

"Mwagambo, mwanangu," akasema. "Leo umetukumbuka."

"Mimi si mwanao," Mwagambo akasema.

"Siku saba unaniita baba, leo mbele ya wazee unanikana? Mimi nilikuja mara ya kwanza peke yangu, kumalizia kibuyu alichokisahau marehemu. Wewe ndiye uliyetuita ukoo mzima. Tumekwisha kukusamehe, mwanangu. Lete kingine."

Mzee Ngowa alikuwa hajacheka tangu ujana wake. Siku hiyo alicheka akakalia fimbo yake ikavunjika. Alipopata pumzi akasema, "Nyevu, mlango ni wako. Mwagambo, mchukue baba yako mwende."

Mwagambo akatoka na mto. Mkeka aliuacha, ulikuwa na mtu.

Kesho yake, komba walipokwisha kwenda, Nyevu akaziba kwa makuti mapya pengo la paa walimopitia, akamsalimu mjusi, akalala giza zuri lisilo na taa hata moja. Lakini Mwagambo akipita chini ya minazi jioni, husikia sauti huko juu: "Mwanangu, leo umetuletea nini?"

Hadithi yangu imefika mlangoni, nami naufunga hapo. Koo limenikauka. Mwenye cha kunywa na alete, ila asiniite baba.