Chungu Hufichwa, Ulimi Huanikwa

Chungu hufichwa, ulimi huanikwa. Mama Atupele aliwaambia maneno hayo jana alipowakuta barazani mmeinamia vitabu vya Kifaransa, kila mtu na chake, kimya kama mko matangani. Mlicheka, na leo mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Asubuhi moja, zamani, mwanamke mgeni aliingia katika kijiji cha Lisungo akiwa amejitwisha kikapu. Hakuna aliyemtarajia. Alisimama katikati ya ua wa Subilaga, mfinyanzi mkuu wa kijiji, akasema kwa sauti kubwa, kwa lugha ya Lisungo iliyovunjika vibaya, kwamba yeye ni Nakeye, mke wa Ambilike, na mumewe yuko nyuma na mbuzi. Ambilike alikuwa mtoto wa Subilaga, aliyekwenda kutafuta maisha milimani, Usagwe. Wanawake waliokuwa uani walicheka mpaka wakashika mbavu. Nakeye naye akacheka, akauliza, "Nimesemaje? Nisahihisheni." Wakamsahihisha. Hivyo ndivyo alivyoendelea, na kabla ya mvua kuja alikuwa akitania watu kama mzaliwa wa hapo.

Mwaka huo udongo wa Lisungo ulikwisha. Uliobaki shimoni ulikuwa na mchanga mwingi, na vyungu vyake vilipasuka motoni. Kijiji kilikaa juu ya mawe, hakikuwa na mashamba. Chakula chake chote kilitokana na kuuza vyungu. Udongo mzuri ulikuwa Usagwe. Lakini Wasagwe walikuwa na desturi yao: udongo huombwa na mkono utakaoufinyanga, kwa kinywa cha mwenye mkono huo, na mwanamume hakaribii shimo. Mkalimani hakufaa. Ikabidi wafinyanzi, watu wazima wenye wajukuu, wajifunze Kisagwe, na Nakeye akawa mwalimu wao.

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo wafinyanzi tu wangeweza kulifanya. Huko Lisungo, chungu kibichi hakionyeshwi mtu. Hukaushwa ndani, chini ya majani ya migomba, kwa kuwa waliamini jicho la mtu hukipasua kabla ya moto. Basi Subilaga akaitendea lugha kama chungu. Alishika maneno yote aliyofundishwa. Aliyarudia moyoni akikanda udongo, akayarudia akichota maji. Lakini jioni, Nakeye alipowaita waongee wao kwa wao, Subilaga alifunga mdomo, na wengi wakamfuata. Sekela peke yake, rafiki yake wa tangu usichana, ndiye aliyeropoka kila jioni, na kila jioni alichekwa.

"Mama, sema hata vibaya," Nakeye alimwambia mama mkwe wake.

"Mwanangu, nitasema kikiiva."

"Kitaivaje nawe umekifunika?"

"Usinifundishe kukausha," Subilaga akajibu. Sekela akaguna. Mfinyanzi mkuu hakujibizwa.

Siku ya safari ilipofika, Nakeye alikuwa amejifungua mtoto wa kike juzi tu. Asingeweza kupanda milima. Alimshika Subilaga mkono.

"Mama yangu hajui kama nimetoka salama. Dada yangu alifia kwenye uzazi, na tangu hapo mama haamini habari ya mtu wa njiani. Mwambie wewe, kwa kinywa chako. Akiisikia kwa bibi wa mtoto ataamini."

"Nitamwambia," Subilaga akasema. "Nakuahidi."

Huko Usagwe waliketishwa mbele ya mwenye shimo, bibi mrefu aliyeitwa Nangoma. Aliwauliza mkuu wao ni nani, na anaomba nini. Subilaga alielewa kila neno. Jibu alikuwa nalo, tena amelipanga vizuri. Lakini ua ulikuwa umejaa watu. Aliona macho yao, akahisi kama mtu amefunua majani ya migomba ghafla. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba haelewi. Sekela alijaribu kusema badala yake, bibi akamkatiza: "Nimemuuliza mkuu." Wakaambiwa warudi mkuu wao atakapokuwa na kinywa.

Walitoka na vikapu vitupu, na watu wa ule ua wakawasindikiza, kama ilivyokuwa adabu yao. Hakuna aliyemlaumu Subilaga. Wenzake waliamini kweli hakuelewa.

"Pole, mwenzangu," Sekela alisema. "Bibi yule anasema upesi kama anafukuzwa."

Njia ilipita mbele ya nyumba ya mama yake Nakeye. Alikuwa amesimama mlangoni, akitazama uso mmoja baada ya mwingine, akimtafuta binti yake. Alipomaliza kuwatazama wote asimwone, alishika mwimo wa mlango.

Subilaga alijua. Akipita kimya, aibu yake itabaki siri. Akisema, wenzake watajua kwamba alielewa tangu mwanzo, na kwamba kijiji kimekosa udongo kwa ajili yake.

Akatua kikapu. Alisema Kisagwe, na kwa lugha yetu kilisikika hivi: "Mama mwenzangu, mtoto yako amezaa kitoto. Yeye mzima iko. Mimi bibi la mtoto, nimeona na macho hii."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akamwiga, kicheko kikazidi. Mama yake Nakeye hakucheka.

"Anakula?" aliuliza.

"Anakula! Amemaliza uji zangu zote."

Mama akakaa chini pale pale mlangoni, akalia, kisha akacheka huku machozi yakimtoka. Akauliza mtoto anafanana na nani. Akauliza jina. Subilaga akajibu yote, akikosea na kusahihishwa na njia nzima.

Sekela alimkodolea macho. "Kumbe ulielewa!"

"Nilielewa."

"Na sisi na vikapu hivi?"

"Nilikificha, Sekela, nikidhani kinakauka," Subilaga akasema. "Kumbe chungu hufichwa, ulimi huanikwa."

Bibi Nangoma alikuwepo, amesikia. "Kinywa kimepatikana," alisema. "Lakini leo nimeshatamka, sirudi nyuma. Rudini baada ya mavuno, nawe uniombe hivyo hivyo ulivyosema na huyu mama."

Kwa hiyo walishuka bila udongo, na milima ile iliwabidi waipande tena, baada ya msimu mzima wa njaa bila chungu cha kuuza. Sekela hakumsemesha rafiki yake njia nzima. Kijijini watu walipouliza, Subilaga hakumwachia mtu kazi ya kujibu; aliwaeleza mwenyewe kosa ni la nani. Kisha akaingia alikolala Nakeye na mtoto, akakaa kitandani, akamwambia kwa Kisagwe, kwa sauti ambayo waliokuwa nje waliisikia na kuicheka:

"Mama yako anajua. Mimi nimesema, kinywa hii."

Basi, wajukuu zangu, vifungeni hivyo vitabu kidogo. Semeni nami hicho Kifaransa, na mkikosea nitacheka, kisha nami mtanifundisha, nikosee mnicheke. Chungu hufichwa, ulimi huanikwa.