Mkono wa Bupe

Sogeeni karibu. Ninayo kesi inayonikosesha raha, na leo nawatwisha nyinyi.

Bupe alikuwa chuo kikuu akisomea uchoraji wa ramani za majengo, na mkono wake wa kulia ndio uliokuwa tegemeo lake. Hosteli alikaa chumba kimoja na wenzake watatu. Hosiana alikuwa na kichwa kisichosahau alichosoma, ila mbele za watu sauti ilimkauka. Nyangeta alikuwa na nguvu, na uchoyo wa maji: mabomba yalipokauka alibeba madumu kutoka kisima cha bondeni, akayafunika kanga kama watoto waliolala, na ole wake atakayeyagusa. Salha yeye hakuweza kusema uongo, hata ule mdogo wa kuombea ruhusa.

Kupika vyumbani kulikatazwa, kwa hiyo kila chumba kilipika. Jiko la umeme la kina Bupe lilikuwa la Salha. Mlango ukigongwa tu, jiko na sufuria vilisukumwa uvunguni, kwa kumhofia matroni, msimamizi wa hosteli.

Mchana mmoja uji ulikuwa ukitokota, mlango ukagongwa kimatroni kabisa. Bupe akanyakua sufuria bila kitambaa. Ikamponyoka, na uji wote ukammwagikia mkono wa kulia, toka kiwiko hadi vidole. Kumbe aliyegonga ni jirani, kaja kuomba chumvi.

Bupe alipiga yowe ambalo hakulitambua kuwa ni lake. Wasichana wakajaa chumbani, wasomi watupu, kila mmoja na tiba ya bibi yake. Huyu dawa ya meno, yule yai bichi, mwingine unga wa ngano. "Mpakeni haraka, joto litoke!" Bupe mwenyewe aliwanyooshea mkono. Angekubali hata tope, mradi ule moto uzimike.

Hosiana akapaza sauti mpaka wote wakashtuka. "Asipakwe kitu! Ni maji ya baridi, yamiminike dakika ishirini! Mvueni pete kabla vidole havijavimba, na blauzi iliyogandia msiivute!" Wakamsukuma, wakamwambia ana roho mbaya. Alisimama pale pale mbele ya Bupe, akilia, na hakuna aliyempita.

Lakini maji gani, na mabomba makavu? Nyangeta aliivuta kanga, akainua dumu, akalimimina taratibu juu ya ule mkono. Likaisha, akainua jingine.

"Nyangeta, yataisha," Bupe alilia.

"Yaishe. Tulia."

Alimimina mpaka madumu yote yakabaki matupu, mabega yakimtetemeka.

Sasa ilibaki gari. Dereva wa chuo hasogei bila amri ya matroni, na matroni alipofika mlangoni, majirani walikuwa wameshakubaliana waseme ameunguzwa na maji ya kuoga.

"Maji ya kuoga mmeyatoa wapi, na jengo zima halina tone?"

Bupe alikuwa akitetemeka, meno yanagongana, akaamini kabisa kwamba atafia pale huku watu wanatafuta uongo mwingine.

"Shikamoo, matroni," Salha akasema. "Tulikuwa tunapika. Jiko ni langu. Ita gari kwanza, kunifukuza utanifukuza baadaye."

Gari likaitwa.

"Kalamu utashika tena," daktari alimwambia Bupe. "Bila yale maji ungeungua hadi ndani. Ungepakwa vile vitu, kidonda kingeoza. Na mngechelewa kuja, nisingekuahidi chochote."

Bupe alilia kwa furaha, lakini furaha yenyewe haikufika jioni. Matroni alikuja wodini na uamuzi: chumba kizima kimevunja sheria, kitoke hosteli, mitihani ikiwa mlangoni. Bupe atabaki kwa sababu ni mgonjwa, na mmoja atabaki naye, amwogeshe na kumvalisha. Wengine wawili watafungasha. Wote watatu kwao ni mbali, na hakuna mwenye ndugu mjini. Kutoka hosteli wiki ile ni kuaga chuo.

"Mtaje wa kubaki."

Walisimama miguuni pa kitanda. Hosiana alitazama sakafu, Nyangeta alitazama dirishani. Salha alimtazama Bupe, machozi yanamtiririka.

"Matroni, nakusihi, wote..."

"Jina moja, Bupe. Ukikaa kimya, wanaondoka wote."

Bupe aliwatazama mmoja mmoja. Aliwapenda wote watatu, na wawili ilikuwa lazima awaangamize kwa neno lake mwenyewe.

Mimi nimeshindwa kumchagulia. Haya, mkono ule ungekuwa wako, na matroni amesimama anasubiri, ungelitaja jina la nani?